Kukubali Yaliyotokea Bila Kujisalimisha Kwayo

Mtu akipatwa na jambo zito, ushauri wa kwanza anaopewa huwa mfupi: jikaze, piga moyo konde, kubali yaishe. Ushauri huo hauna ubaya, ila haumwambii akubali nini hasa. Aliyeachishwa kazi akubali kwamba ajira ile imekwisha, au akubali kwamba yeye hana thamani? Mjane akubali kwamba mumewe amefariki, au akubali kwamba hatakiwi kulia tena? Mwenye ugonjwa wa kudumu akubali kwamba anaumwa, au akubali kukaa bila matibabu? Hapa ndipo wengi hupotea njia. Wapo wanaogoma kukubali chochote kwa kuogopa kwamba wakikubali watakuwa wameshindwa, na wapo wanaomeza kila kitu kwa mkupuo mmoja, hata yale yasiyostahili kumezwa.

Ukichambua vizuri, vinavyohitaji kukubaliwa ni vitu viwili. Cha kwanza ni tukio lenyewe na mipaka yake: limetokea, halifutiki. Cha pili ni kwamba litauma, na maumivu hayo yatachukua muda usiopangika. Mengine yote yako nje ya mkataba. Hulazimiki kukubali kwamba lilikuwa la haki, kwamba lilikuja kwa faida yako, wala kwamba hali itabaki hivyo milele. Mtu anaweza kukubali kabisa kwamba ameibiwa, na saa hiyohiyo akaenda kutoa taarifa polisi. Tena ni mpaka akubali kwanza kwamba mali imeibwa ndipo ataacha kupekua makabati na kuanza kuifuatilia.

Kutokukubali nako kuna dalili zake, na nyingi zinaonekana kwa macho. Bahasha zinalundikana bila kufunguliwa. Majibu ya hospitali yanasomwa, halafu miadi ya pili haihudhuriwi. Matumizi yanaendelea kana kwamba mshahara bado unaingia. Mazungumzo yote yanaanza na "laiti" au "isingekuwa". Hakuna haja ya kumgombeza mtu wa namna hiyo. Katika siku za mwanzo, kukataa humpa nafasi ya kupokea habari kidogo kidogo. Kunageuka hasara pale kunapoanza kumgharimu afya, fedha au muda ambao hautarudi.

Mwili hutangulia

Habari mbaya ikiingia, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini ndani ya sekunde chache. Moyo huenda mbio, misuli hukaza, tumbo hufunga. Baada ya dakika kadhaa huongezeka kotisoli, homoni inayoupa mwili sukari ya kutumia na kuuweka katika hali ya tahadhari. Kwa hatari ya saa moja mpango huu ni mzuri sana. Kwa shida ya miezi mitatu, mpango huohuo ndio unaoleta usingizi wa kukatikakatika, hamu ya chakula kupotea au kuzidi, kusahau ulichoenda kuchukua chumbani, na kusoma ukurasa mmoja mara tatu bila kushika kitu. Wengi hudhani wanarukwa na akili, ilhali mwili umekaa zamu mno bila kupumzika.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya mwili, na falsafa itasubiri. Amka saa ileile kila siku, hata kama usiku ulikuwa mbaya, maana saa ya kuamka huongoza usingizi kuliko saa ya kulala. Ukikaa kitandani takribani dakika 20 bila usingizi, ondoka, kaa mahali penye mwanga hafifu, fanya kitu tulivu kisichosisimua, urudi usingizi ukija. Anayebaki kitandani akibishana na mawazo huifundisha akili kwamba kitanda ni mahali pa mabishano. Pombe huleta usingizi haraka, kisha huuvuruga nusu ya pili ya usiku. Ndiyo maana aliyekunywa ili alale hujikuta macho saa tisa alfajiri, na mawazo yamekuwa makali zaidi.

Wasiwasi ukipanda ghafla, vuta pumzi kupitia puani kwa sekunde 4, itoe taratibu kwa sekunde 6, uendelee hivyo kwa dakika 5. Hiyo ni kama pumzi sita kwa dakika. Kosa la kawaida ni kuvuta hewa nyingi kwa nguvu. Hapo kichwa huwa chepesi, vidole hufa ganzi, na mtu huogopa zaidi kuliko alipoanza. Kinachotuliza ni ule mwendo wa polepole na kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuivuta.

Katika kipindi hiki, maamuzi yasiyorudishika, kama kuuza nyumba, kuvunja ndoa au kuhama mji, yaahirishwe kwa wiki kadhaa inapowezekana. Yale yenye tarehe ya mwisho kisheria hayaahirishiki. Hayo mpe mtu mwingine ayasome pamoja nawe.

Hatua tano ambazo si ngazi

Karibu kila mtu amesikia kwamba huzuni ina hatua tano: kukataa, hasira, kujadiliana na majaaliwa, sonona, halafu kukubali. Mpangilio huu ulitolewa mwaka 1969 na daktari wa magonjwa ya akili Elisabeth Kübler-Ross, na chanzo chake kilikuwa mazungumzo na wagonjwa waliokuwa wakikaribia kufa. Hakukuwa na uchunguzi wa watu waliofiwa, achilia mbali waliopoteza kazi au walioachika. Baadaye ulitumiwa kwa kila aina ya hasara, na madhara yake ni ya kweli: mtu asiyepata hasira hujiuliza kama hakumpenda marehemu, na aliyedhani amefika "kukubali" akilia tena miezi minane baadaye huona ameanguka kutoka ngazini.

Picha iliyo karibu zaidi na hali halisi ilichorwa na watafiti wa majonzi Margaret Stroebe na Henk Schut mwaka 1999. Walieleza kwamba aliyefiwa huenda na kurudi kati ya kazi mbili. Moja ni kukabili hasara yenyewe: kulia, kukumbuka, kutamani. Nyingine ni kujenga upya maisha: kujifunza kulipa bili alizokuwa akilipa marehemu, kuzoea cheo kipya, kukutana na watu. Huko kwenda na kurudi kwenyewe ndiko uponyaji unakopitia. Anayelia asubuhi na kucheka kwenye harusi jioni hana unafiki wowote. Wa kumwangalia kwa makini ni yule aliyekwama upande mmoja: anayelia tu, miezi nenda miezi rudi, bila kugusa jambo lolote la maisha, au yule aliyejizika kazini asiweze hata kutaja jina la aliyeondoka.

Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Marekani aliyebuni tiba kwa watu wenye mawazo ya mara kwa mara ya kujiua, naye alisisitiza kwamba kukubali si uamuzi wa siku moja. Ni kugeuza akili tena na tena, wakati mwingine mara nyingi ndani ya saa moja. Kwa vitendo huenda hivi: unajikamata ukisema moyoni "haikupaswa kuwa hivi", unataja ukweli kwa sentensi moja kavu, "mkataba umevunjwa tarehe 12", unataja sababu zilizoufikisha hapo, hata kama zinakera, kisha unalegeza taya, mabega na viganja. Ukijikuta umerudi kwenye ubishi baada ya dakika kumi, unaanza upya. Kurudia huko ndiyo kazi yenyewe, kwa hiyo usikuhesabu kama kushindwa.

Kwa nini "usifikirie" haifanyi kazi

Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake walichapisha jaribio linalojulikana mpaka leo. Waliwaambia washiriki wasifikirie dubu mweupe kwa dakika tano, na wapige kengele kila akiwajia akilini. Kengele zililia. Na waliporuhusiwa kumfikiria, walimfikiria zaidi kuliko wale walioruhusiwa tangu mwanzo. Ili akili izuie wazo ni lazima iendelee kukagua kama wazo hilo lipo, na kwa kulikagua inaliita.

Kinachofaa zaidi ni kulipa wazo saa yake. Mwanasaikolojia Thomas Borkovec na wenzake walieleza mbinu hii mwaka 1983. Chagua nusu saa ileile kila siku na mahali palepale, pawe si kitandani wala sebuleni mnapopumzika, na saa isiwe karibu na kulala. Mchana wazo likija, liandike kwa maneno matatu manne kwenye kipande cha karatasi, useme "saa kumi na moja", urudi kwenye ulichokuwa ukifanya. Saa ikifika, kaa na orodha. Mengine yatakuwa yamepoa, hayo yakate. Yaliyobaki yafikirie kwa kalamu mkononi. Nusu saa ikiisha, inuka.

Mbinu hii huharibika kwa njia mbili. Kuna anayeiruka saa yenyewe kwa sababu siku hiyo anajisikia vizuri, na baada ya hapo akili haiamini tena ahadi ya "baadaye". Na kuna anayekaa bila kuandika, akazungusha swali lilelile "kwa nini mimi?" kwa dakika thelathini. Swali hilo halina jibu linaloweza kufanyiwa kazi. Libadilishe liwe "sasa nini?" au "nani anajua kuhusu hili?"

Karatasi ya kupambanua

Wanasaikolojia Richard Lazarus na Susan Folkman, katika kazi yao ya mwaka 1984, walitofautisha namna mbili za kukabiliana na shida: kushughulika na tatizo, na kushughulika na hisia zinazoletwa na tatizo. Zote mbili zinahitajika. Makosa huja pale zinapobadilishana mahali, mtu akihangaika kurekebisha kifo au akijituliza tu juu ya deni linaloongezeka riba. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2016 mpango mfupi wa vikao vitano unaoweza kuendeshwa na watu wa kawaida waliopata mafunzo, na mojawapo ya nguzo zake ni kuyapanga matatizo katika mafungu matatu: yanayotatulika, yasiyotatulika, na yasiyo na uzito.

Tuuone ukifanya kazi. Mtu ameachishwa kazi, anachukua karatasi, na mstari wa kwanza anaandika: "Maisha yangu yameharibika." Mstari huo ni kilio, na kilio hakiwezi kupangwa kwenye fungu lolote. Auache hapo juu, asiufute, kisha aandike chini yake mambo yanayoweza kuonekana au kuhesabika. Mshahara wa mwisho unaingia mwisho wa mwezi. Kodi ya nyumba inadaiwa wiki moja baadaye. Watoto hawajaambiwa. Barua ya utumishi haijachukuliwa. Meneja hakueleza sababu. Mwenzake aliyeingia kazini nyuma yake amebaki. Majirani wanaanza kuuliza mbona yuko nyumbani mchana.

Sasa apange. Kodi, watoto na barua vinatatulika. Uamuzi wa meneja kuwabakiza wengine hautatuliki, na ndiyo sehemu ya kukubali, pamoja na uchungu wake. Majirani hawana uzito, ingawa usiku watajifanya wazito kuliko wote. Suala la sababu linahitaji uangalifu: kuomba sababu kwa maandishi kunawezekana, na pengine sheria ya kazi inampa haki hiyo, kwa hiyo nusu yake inatatulika. Kuifanya sababu hiyo imridhishe moyo hakuwezekani. Mambo mengi yako hivi, hukatwa katikati, na kukata huko ndiko kwenye faida kubwa ya zoezi zima.

Kisha achukue moja tu, lile lenye tarehe ya karibu. Kuhusu kodi aandike kila wazo linalomjia, hata la kipuuzi, bila kulihukumu: kukopa kwa ndugu, kuuza runinga, kuhama, kumwomba mwenye nyumba agawe malipo, kupangisha chumba. Achague lenye gharama ndogo na linalorudishika. Baada ya hapo aandike hatua kwa namna ambayo mtu mwingine angeweza kuisimamia: "Jumanne saa nne asubuhi nitampigia mwenye nyumba, nimwombe nilipe nusu sasa na nusu wiki tatu zijazo." Na aandike sentensi mbili za kwanza atakazosema, kwa sababu ulimi hukauka palepale simu inapopokewa. Hatua isiyoweza kumalizika ndani ya saa moja bado ni kubwa, ikatwe tena. "Kutafuta kazi" haijawa hatua. "Kuandika upya ukurasa wa kwanza wa wasifu wangu" ndiyo hatua. Mwenye nyumba akikataa, karatasi ina mawazo mengine manne, na hiyo ndiyo sababu ya kuyaandika yote tangu awali.

Kuanza kabla ya hamu

Huzuni ndefu humfanya mtu aache shughuli, na kuacha shughuli humnyima vitu vidogo vilivyokuwa vikimpa nafuu, kisha huzuni huzidi. Mwanasaikolojia Peter Lewinsohn alieleza mzunguko huu katika miaka ya 1970, na tiba iliyotokana nao haisubiri hamu irudi. Inapanga kitendo kwa saa, na hamu huja nyuma yake au isije kabisa siku hiyo. Kwa wiki ya kwanza vitu viwili kwa siku vinatosha: kimoja cha lazima, kama kufua, na kimoja kilichowahi kukufurahisha. Kama zamani ulikuwa ukitembea saa nzima, anza na dakika kumi. Watu hushindwa kwa kujipimia kipimo cha zamani, wakakikosa siku ya pili, wakahitimisha kwamba wamekwisha.

Kuandika pia husaidia, kwa kiasi. Watafiti James Pennebaker na Sandra Beall, katika jaribio lililochapishwa mwaka 1986, waliwaagiza wanafunzi waandike dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo, kuhusu jambo lililowaumiza zaidi, matukio pamoja na hisia. Mara baada ya kuandika walijisikia vibaya zaidi. Nafuu ilionekana katika miezi iliyofuata, walipokwenda kliniki mara chache kuliko wenzao. Tafiti za baadaye zimeonyesha faida ndogo isiyompata kila mtu, kwa hiyo usiifanye dini. Jambo likiwa bado bichi, subiri wiki kadhaa. Ukiona kuandika kunakuzamisha badala ya kukupanga, acha.

Watu walio karibu

Anayeumia huambiwa "ukihitaji chochote niambie", na karibu kila mara hasemi kitu. Kuomba kunahitaji nguvu ambazo hana. Msaada unaofika una umbo: "kesho nitawachukua watoto shule", "Alhamisi nitakaa nawe ukijaza zile fomu". Mwenye shida naye akiulizwa ataje kitu kimoja kamili, chenye siku. Maneno ya kuepuka ni yale yanayolinganisha misiba, na yale yanayotafuta faida ndani yake mapema mno. Aliyefiwa anaweza kufikia mwenyewe kusema kwamba kuna kitu alijifunza. Akiambiwa na mwingine wiki ya pili, atasikia kwamba marehemu alikuwa ada ya somo.

Msimlazimishe mtu asimulie upya tukio la kutisha mara tu baada ya kutokea. Kikao kimoja cha kumtaka mtu aeleze kila kitu kilikuwa kikitolewa kwa wingi baada ya ajali na maafa, lakini tathmini za tafiti hazikuona kwamba kinazuia kiwewe, na katika baadhi ya tafiti waliohudhuria walikuwa na hali mbaya zaidi. Mpe usalama, chakula, mawasiliano na ndugu zake, na sikio kama akitaka kusema.

Hasara zisizo na mwisho, na zisizopaswa kukubaliwa

Ndugu aliyepotea bila kujulikana alipo, mzazi ambaye mwili upo lakini kumbukumbu zimeondoka: hasara za namna hii mtafiti Pauline Boss amezichunguza tangu miaka ya 1970, na alionyesha kwamba hazina hitimisho la kusubiriwa. Familia hugawanyika kati ya wanaosema amekufa na wanaosema atarudi. Kinachokubaliwa hapa ni kutojua kwenyewe. Familia inaweza kuruhusu kauli mbili zisimame pamoja, "huenda hayupo tena" na "huenda atarudi", na wakati huohuo ikaamua mambo ya wiki hii.

Kipigo, unyanyasaji, mshahara usiolipwa au matibabu yaliyokataliwa bila sababu viko kwenye fungu jingine. Anayepigwa akubali ukweli mmoja tu, kwamba anapigwa na kwamba ahadi za jana hazikuzuia. Ukweli huo ndio utakaomsaidia kupanga aondoke lini, aende kwa nani, na nyaraka gani azitoe nyumbani mapema. Hatari mara nyingi huongezeka wakati wa kuondoka, kwa hiyo mpango usitangazwe kwa hasira.

Mtaalamu anapohitajika

Huzuni au kukosa raha na kila kitu kukidumu karibu siku nzima, karibu kila siku, kwa wiki mbili, pamoja na mabadiliko ya usingizi, chakula, nguvu au umakini, muone daktari. Hiyo huenda ni sonona, nayo ina tiba. Kwa waliofiwa, uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani unaweka kizingiti cha miezi 6 kabla ya kuita majonzi yaliyopitiliza kuwa ugonjwa, na mwongozo wa wataalamu wa Marekani unaweka miezi 12 kwa mtu mzima. Vizingiti hivyo ni vya kutoa jina la ugonjwa. Kuomba msaada hakuna muda wa kusubiri. Ukienda, beba karatasi yenye mambo manne: umelala saa ngapi kwa wiki iliyopita, umekula nini, ni shughuli zipi umeziacha, na dawa au pombe unayotumia. Bila karatasi, wengi hufika wakasema "ni mawazo tu", wakarudi na dawa ya kichwa.

Mtu akisema amechoka kuishi, au akianza kugawa vitu vyake na kuaga watu, muulize wazi: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Mara nyingi humtua mzigo wa kulificha. Akijibu ndiyo, muulize kama amepanga namna na wakati. Ondoa au funga dawa, sumu za wadudu, silaha na chochote alichokitaja, usimwache peke yake, na umfikishe hospitali siku hiyohiyo. Asipotaka kwenda, mwite mtu anayemwamini aje alipo, na endeleeni kukaa naye zamu kwa zamu mpaka akubali kuonwa na daktari.